Siri ya Miezi Minane: Uvimbe wa Kizazi Baada ya Hedhi Kukoma

Bibi ambaye tunataka kuwasimulia habari zake ana umri wa miaka 63. Ni mzaliwa wa kimojawapo cha visiwa vya Lamu, mama wa watoto sita, na wajukuu wake ni wengi hata yeye mwenyewe huwahesabu kwa vidole vya mikono kisha akahamia miguuni. Ametupa ruhusa ya kuandika yaliyomfika kwa sharti kwamba tusilitaje jina lake wala mtaa wake. Sharti hilo tumelikubali, na hapa tutamwita Bi Mkubwa, kama aitwavyo nyumbani kwake.

Hedhi ya Bi Mkubwa ilikoma alipokuwa na miaka 51. Miaka kumi na miwili ikapita, na mambo hayo akayasahau kama mtu anavyosahau nyumba aliyohama. Kisha alfajiri moja ya mwezi wa Rajabu, alipokwenda kutia udhu, akaona doa la damu kwenye nguo. Akanyamaza. Baada ya wiki mbili likarudi. Ramadhani ikaingia naye hajui afunge au asifunge, aswali au asiswali. Akafunga, lakini kila alipoona damu akaacha swala, akijiambia kwamba hedhi imemrejea. Kumwuliza mtu aliona haya. Alichelea watu wasije wakasema kwamba bibi mzima amerudi usichana.

Haya haikuwa sababu ya pekee. Dada yake alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, naye aliona kwamba kwenda hospitali ni kwenda kuambiwa jambo ambalo tayari analijua. Na liko lile ambalo akina mama wengi wa Pwani hawahitaji kuelezwa: alidhani atakayemkuta nyuma ya pazia ni daktari mwanamume, kijana wa makamo ya mwanawe. Basi akaibeba siri yake tangu Rajabu mpaka Mfunguo Sita, miezi minane kamili, na tumbo nalo likizidi kujaa chini ya kitovu. Wakati wa maulidi nyumba ilijaa wageni, na mkamwana wake, ambaye ndiye aliyekuwa akifua, akaiona leso.

"Mama," akamwambia walipobaki wawili jikoni, "hii damu ni yako?"

"Mwanangu, nisitiri. Usimwambie mumeo."

"Nitakusitiri, mama. Lakini kwa daktari tutakwenda."

Wakavuka kwa mashua hadi Mokowe, wakapanda basi la Mombasa, na mume akaambiwa tu kwamba mamake anakwenda kupimwa macho. Kwa uongo huo hatumpongezi mkamwana, wala hatuna ujasiri wa kumlaumu.

Kabla hatujaendelea na safari yao, yafaa tueleze ni kitu gani hicho kilichokuwa tumboni.

Kizazi cha mwanamke kimejengwa kwa misuli. Si misuli kama ya mkono au mguu, ambayo mtu huiamrisha ikatii, bali ni ile ambayo wataalamu huiita misuli laini, ifanyayo kazi yake pasi na kuamrishwa, kama ya utumbo, ya kibofu na ya kuta za mishipa ya damu. Ndiyo inayojikaza wakati wa uchungu hata mtoto akatoka. Mara nyingine seli moja ya misuli hiyo hubadilika, ikaanza kujigawa na kujizidisha pasi na mpango, mpaka likafanyika donge gumu la mviringo. Donge hilo ndilo liitwalo faibroidi katika mazungumzo yetu, na leiomioma katika vitabu vya madaktari. Si saratani. Halivamii viungo vya jirani na kuviharibu kama ifanyavyo saratani. Hukua mahali pake, likasukuma vilivyo karibu nalo.

Vivimbe hivi ni vya kawaida kuliko wengi wanavyodhani. Katika utafiti uliofanywa Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2003, ilikadiriwa kwamba wanawake weusi zaidi ya 80 katika kila 100 huwa wamepata uvimbe wa aina hii wafikapo miaka 50, na weupe takriban 70. Walio wengi hawajui kwamba wanao, kwa sababu hauwaumi wala hauwatoi damu. Mwaka 2011 wataalamu wa Ufini wakagundua kwamba takriban vivimbe 70 katika kila 100 walivyovichunguza vilikuwa na hitilafu katika jeni moja iitwayo MED12, hitilafu ambayo mtu hazaliwi nayo bali huzuka ndani ya misuli ya kizazi penyewe. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Tumewasikia wanawake wakiambiwa kwamba uvimbe umewajia kwa kijicho cha jirani, au kwa dhambi walizozificha, au kwa kuwa waliolewa wakiwa wamechelewa. Mwanamke mgonjwa ana mzigo wa kumtosha, hana haja ya kuongezewa tuhuma.

Chakula cha uvimbe huu ni homoni mbili za kike, estrojeni na projesteroni. Ndiyo maana huonekana sana kati ya miaka 30 na 50, na ndiyo maana hedhi ikikoma, homoni zikapungua, uvimbe aghalabu hunywea wenyewe. Mwingine hukauka na kushika chokaa mpaka ukawa mgumu kama kijiwe, na mwenyewe akaishi nao mpaka mwisho wa umri wake pasi na dhara. Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kuambiwa hivyo. Alipokuwa na miaka 45 alipimwa akakutwa na vivimbe vidogo viwili, akaelezwa avisubiri, vitanywea. Maneno hayo yalikuwa sahihi siku ile. Kosa ni kuyachukua kama cheti cha maisha.

Kwani ikiwa hedhi imekoma na uvimbe badala ya kunywea unakua, au umezuka mpya, basi ipo sababu na ni lazima itafutwe. Huenda mama anatumia dawa za kurudisha homoni kwa ajili ya joto na jasho la ukomo wa hedhi. Huenda anatumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, ambayo huizuia estrojeni kwenye titi ilhali kwenye kizazi hufanya kazi inayofanana nayo. Huenda ni unene: mafuta ya mwili hayakai bure, bali huzigeuza homoni nyingine kuwa estrojeni, hivyo mama mnene aliyekoma hedhi huendelea kuulisha uvimbe wake bila ya kujua. Huenda pia ni uvimbe wa aina ya nadra. Na mara chache, si uvimbe salama kamwe, bali ni saratani ya misuli hiyo hiyo iitwayo sakoma.

Sasa turudi Mombasa. Mkamwana alikuwa ameuliza mapema kwa simu, na daktari waliyempata alikuwa mwanamke. Ultrasaundi ikaonyesha donge la sentimita 9, ukubwa wa chungwa lililonona. Kilichomshangaza daktari si ukubwa wake, bali ni rangi yake. Faibroidi ya kawaida huonekana yenye kiza katika picha ile. Hili liling'aa jeupe. Akaagiza picha ya CT, nayo ikaonyesha kwamba ndani ya donge mna mafuta.

Uvimbe huu una jina lake, lipoleiomioma. Ni mchanganyiko wa misuli laini na mafuta yaliyokomaa, na wengi wanaopatikana nao ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Ni nadra, ripoti nyingi hukadiria kwamba haufiki hata 1 katika kila vivimbe 100 vya kizazi. Wataalamu wengi huona kwamba ni seli za misuli zenyewe zilizogeuka kuwa za mafuta ndani ya faibroidi ya zamani. Wenyewe ni salama, na ukithibitika wala haumsumbui mwenye nao, huweza kuachwa.

Lakini daktari hakuishia kwenye donge. Aliuliza juu ya damu, na hapa tunaomba kila mama na kila binti mwenye mama asome kwa makini. Mwanamke aliyekaa miezi 12 mfululizo bila hedhi huhesabiwa kuwa amekoma. Baada ya hapo, damu yoyote, iwe doa, iwe maji ya rangi ya waridi, iwe mara moja tu, ni ya kupelekwa kwa daktari. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wanaotokwa na damu baada ya kukoma, takriban 9 hukutwa na saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi. Maana yake ni kwamba 91 hawana saratani hiyo. Na uchambuzi ule ule ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye saratani hiyo, takriban 90 walikuwa wameona damu. Damu hii, basi, ni mpiga hodi wa mapema, na anayeitika mapema aghalabu hutibika.

Ukuta wa ndani wa kizazi cha Bi Mkubwa ulipimwa kwa ultrasaundi ukakutwa na milimita 3. Kwa kawaida, ukiwa haukuzidi milimita 4 baada ya hedhi kukoma, uwezekano wa saratani ni mdogo sana. Hata hivyo, kwa kuwa damu ilikuwa imerudi mara nyingi, kipande kidogo kilichukuliwa kikapelekwa maabara. Jibu likawa kwamba ukuta umekonda tu kwa umri, na kukonda huko ndiko chanzo cha damu kwa wanawake wengi wa rika lake. Donge lile kubwa, ambalo sote tungelihukumu papo hapo, yamkini halikuwa na kosa la damu hata kidogo. Kama si damu ile, hata hivyo, lisingegunduliwa.

Likabaki swali la kulitoa au kuliacha. Picha haziwezi kuapa kwamba donge ni salama. Mwenye neno la mwisho ni mtaalamu wa maabara anayelikata na kulitazama kwa darubini. Kwa mama wa miaka 63, mwenye uvimbe unaokua, daktari aliona ni afadhali kizazi kiondolewe, nao wakakubali. Kiliondolewa kizima pamoja na uvimbe wake, kwa kupasua tumbo.

Neno "kizima" lina kisa chake. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya mashine inayosaga uvimbe ndani ya tumbo ili utolewe kupitia tundu dogo. Mamlaka hiyo ilikadiria kwamba katika kila wanawake 350 waliopasuliwa kwa kudhaniwa wana faibroidi tu, mmoja alikuwa na sakoma iliyojificha, na kuisaga ni kuitawanya tumboni. Mwishoni mwa mwaka huo ikasema mashine hiyo isitumiwe hivyo kwa wengi wa wanawake walio karibu na kukoma hedhi au waliokwisha kukoma. Upasuaji wa matundu madogo wenyewe si mbaya, na una faida zake za kupona haraka. Swali la kumwuliza daktari ni jepesi: je, uvimbe wangu utatoka mzima?

Tumesema habari za kizazi, lakini misuli laini iko mahali pengi, na uvimbe wake nao huweza kuota pasipotarajiwa. Huota katika kuta za uke, na kwenye midomo ya uke kwa nje. Huko ni nadra sana, na mwenye nao huhisi kijidonge kigumu kisichouma, kinachokua polepole kwa miezi au miaka. Mara nyingi huchukuliwa kuwa ni kifuko cha maji cha tezi ya Bartholin, ambacho huwapata wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa. Mwanamke aliyepita miaka 40 akiona donge jipya mahali hapo asikubali kupewa vidonge tu na kurudishwa nyumbani; na aulize kama donge litachunguzwa maabara, kwa sababu katika umri huo saratani ya sehemu hiyo nayo ni lazima iondolewe shaka. Uvimbe wa misuli ukithibitika, hutolewa wote, na jambo likaisha.

Huota pia katika kibofu, ingawa katika vivimbe vya kibofu haufiki hata 1 katika kila 200, na mwenye nao huweza kuona mkojo ukikatika au ukitoka na damu. Na iko ajabu moja iliyoelezwa na daktari Steiner mwaka 1939: faibroidi salama ya kizazi kuonekana kwenye mapafu, aghalabu miaka mingi baada ya kizazi kupasuliwa au kutolewa. Jina lake linashangaza kama lenyewe, kwani ni uvimbe usio saratani uliosafiri kama saratani. Wengi hugundua kwa picha ya kifua iliyopigwa kwa sababu nyingine. Tumeitaja kwa sababu mama aliyetolewa kizazi, akaambiwa baadaye kwamba ana madoa mapafuni, ni vyema amweleze daktari wa kifua habari za upasuaji ule, hata ikiwa umepita miaka 15.

Kuhusu dawa zinazouzwa mitaani na mitandaoni za "kuyeyusha" uvimbe, tutasema kidogo tu. Asali na habbasoda tunazitukuza, na hatumkatazi mtu kuzitumia. Lakini hatujui mzizi wala kidonge cha kuingiza ukeni kilichothibitika kuyeyusha donge lililomo ndani ya misuli ya kizazi. Yale manyamanyama yanayotoka baada ya kutumia vifurushi hivyo, ambayo wauzaji huyapiga picha, aghalabu ni ute na ngozi ya uke iliyochubuliwa. Bi Mkubwa mwenyewe alikunywa mizizi ya shilingi elfu nne kabla ya safari ya Mombasa. Hasara kubwa haikuwa zile pesa, ilikuwa ile miezi.

Na haya? Haya ni pambo la mwanamke wetu, wala hatuandiki ili tulivue. Lakini tukumbuke kwamba Fatima binti Abi Hubaysh, radhi za Allah ziwe juu yake, alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza waziwazi juu ya damu isiyokatika, akajibiwa kwa upole kwamba ile ni ya mshipa wala si hedhi. Laiti angenyamaza kwa haya, mlango mzima wa fiqhi ungekosa msingi wake. Waganga wa Kiislamu nao walilijua tatizo hili zamani: Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, alipoandika juu ya kutoa kijiwe cha kibofu kwa mwanamke, alishauri atafutwe mkunga au mwanamke mjuzi. Stara na tiba hazikuwa maadui kwake. Leo madaktari wanawake wapo, na mama ana haki ya kuuliza kabla ya kufunga safari. Asipopatikana, na dharura ipo, wanavyuoni wametoa ruhusa ya mwanamume kutibu, kwa kiasi cha haja. Na aingie na binti yake, au dada yake, au muuguzi wa kike.

Tofauti moja tunataka ieleweke. Swali la kwamba damu baada ya kukoma ni hedhi au istihadha, na swala na saumu zifanyweje, ni la mwanachuoni, na madhehebu hayakuafikiana kama hedhi ina umri wa mwisho. Swali la kwamba damu hiyo imetoka wapi ni la daktari. Jibu la mmoja halitoshelezi la mwingine. Mama akiambiwa na mwalimu wake wa madrasa kwamba ile ni istihadha na aswali, asidhani ameambiwa kwamba ni mzima.

Na wanaume mnaosoma gazeti hili mkingojea chai: nauli na ada za vipimo mara nyingi ziko mifukoni mwenu. Mama akisema anataka kwenda Mombasa kwa daktari na hakusema kwa nini, mpeni wala msimhoji.

Majibu ya maabara yalichukua wiki tatu. Mkamwana anatwambia kwamba katika wiki hizo Bi Mkubwa aligawa leso zake mpya zote, akaagiza nani arithi kabati na nani arithi kitanda, akawaomba msamaha majirani ambao hakuwahi kuwakosea. Siku karatasi ilipotumwa, aliisoma mkamwana, kwa kuwa Bi Mkubwa hakuthubutu. Misuli laini na mafuta yaliyokomaa. Hakuna dalili ya saratani.

"Mafuta?" akauliza Bi Mkubwa.

"Mafuta, mama. Alhamdulillahi."

"Yaani miaka yote hii nimebeba samli, na sokoni nainunua!"

Kisha akalia, na mkamwana akalia pamoja naye, na mwana mume alipoingia akakuta wanalia, na hapo ndipo alipoambiwa kwamba safari ile haikuwa ya macho.

Tulipomtembelea mwezi uliopita, kovu lilikuwa limekauka na mwendo wake ulikuwa wa haraka kuliko wetu. Kando ya mswala wake palikuwa na daftari la shule la mmoja wa wajukuu, lenye mistari iliyokatwa kwa kalamu nyekundu, mitano mitano. Alikuwa ameeleza sifa ya damu yake na siku zake kwa mwalimu wake, akaambiwa kwamba nyingi katika swala alizoziacha zilikuwa zikimlazimu. Anazilipa. Alikuwa amefika mwezi wa Shaabani.